Siku Biblia Ilipomgeukia Mama

Nilipokuwa mtoto pale Kibirizi, Biblia ya nyumbani kwetu haikusomwa. Ilifanya kazi. Mwanamke akijifungua, iliwekwa chini ya mto wake ili wachawi wasimguse kichanga. Radi za Kigoma zikianza kupasua anga, ilitolewa sandukuni ikaegeshwa dirishani, ikitazama ziwa kama mlinzi wa zamu. Mtoto akiharisha, ilizungushwa juu ya kikombe cha maji naye akanyweshwa yale maji. Aliyepona tuliambiwa ni Biblia, na aliyekufa tuliambiwa Mungu amempenda zaidi. Hata mimi niliyekuwa natumwa tangu alfajiri sikuwa na kazi nyingi hivyo. Kilichokatazwa ni kuifungua. Tuliaminishwa kwamba nguvu zake hukaa ndani, na ukiifunua ovyo zinatoka, kama joto la chungu kilichoachwa wazi.

Ilikuwa ya baba mkubwa Stefano, kaka wa marehemu baba yangu. Alikuwa mzee wa kanisa, ana mtumbwi wake na vijana wa kumvulia dagaa kwa taa za karabai. Baba yangu ziwa lilimchukua nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mama akabaki kwenye ua wa shemeji yake kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Kwao kulikuwa ng'ambo ya mpaka, milimani, Burundi. Walimwita Mrundi hata walipokuwa mezani wanakula samaki aliowakausha yeye. Wenye adabu walimwita Mama Tabita, kwa jina langu.

Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa mchangani asubuhi, na mchana kusafisha zile taa. Aliosha vioo vyake kwa majivu na maji ya uvuguvugu, akavifuta kwa kitambaa, na sikumbuki kama aliwahi kuvunja hata kimoja. Akimaliza, taa zilirudishwa stoo, na ufunguo wa stoo ukatundikwa msumarini chumbani kwa mama mkubwa, mke wa Stefano.

Anayejua uvuvi wa dagaa anajua kwamba mbalamwezi ni likizo. Mwezi ukijaa, samaki hawaifuati taa, wana taa ya bure juu yao. Basi mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, na vijana hutawanyika kwenda makwao kuona wake na kuzika waliokufa bila wao. Katika likizo moja kama hiyo, baba mkubwa aliingia stoo akakuta taa moja haipo. Mlango haukuvunjwa. Ufunguo ulikuwa msumarini.

Mwenye kujua habari za Ujiji atakumbuka kwamba mtu wa huko akiibiwa alikwenda kwa masheikh akaomba isomwe Halbadiri. Mwizi akisikia tu kwamba inasomwa, kesho yake kitu kilikutwa mlangoni kimefungwa vizuri, kama zawadi. Sisi Wakristo tuliwaonea wivu, ingawa hakuna aliyekubali kusema. Baba mkubwa asingeweza kuonekana na joho lake la mzee wa kanisa akibisha hodi kwa sheikh. Lakini alikuwa na dawa yake aliyoileta kutoka Kongo, alikokuwa akipeleka samaki wakavu. Unachukua ufunguo mkubwa, unauweka katikati ya Biblia, penye Zaburi, kichwa chake kikitokeza nje. Unaifunga Biblia kwa kamba mpaka ikaze. Watu wawili wanakibeba kile kichwa cha ufunguo kwa ncha za vidole, mmoja huku na mwingine huku, Biblia inaning'inia hewani. Majina yanatajwa. Likitajwa la mwizi, Biblia inageuka.

Aliyemletea mama habari hiyo alikuwa Bi Zuhura, Mwislamu wa Ujiji aliyekuja kila asubuhi kununua dagaa, mwanamke mwenye mdomo ambao mimi niliurithi bila kuzaliwa naye.

"Mama Tabita, nasikia shemeji yako anaitundika Biblia Jumapili."

"Ndivyo anavyosema."

"Kwetu inasomwa, dada. Yenu ndiyo inatundikwa, kama samaki mgebuka wa kuchoma?"

"Zuhura, punguza sauti."

"Usiende. Jifunike blanketi, sema una homa."

"Nisipokwenda ndiyo nimeiba." Mama aligeuza dagaa wake kwa fagio, taratibu, wasikatike. "Halafu niogope nini? Sijachukua kitu cha mtu. Kitabu cha Mungu kinanijua."

Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Hawakumburuta. Alikwenda kwa miguu yake, amevaa kitenge chake cha kanisani, amenipaka mafuta mpaka kwenye magoti. Alijua kuna minong'ono juu yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyezishika taa, na alikuwa na hamu Biblia imalize maneno. Nadhani hakuna mtu pale uani aliyeiamini Biblia ile siku ile kuliko mama yangu.

Ilikuwa alasiri, baada ya ibada. Wanaume walikaa vigodani, wanawake mikekani. Mchungaji wetu alikuwa na makanisa mengi, alitufikia kwa nadra, na siku hiyo hakuwepo. Angekuwepo sijui kama angewazuia, maana naye alikuwa akila dagaa wa baba mkubwa. Baba mkubwa akaufunga ufunguo ule ule wa stoo kwa uzi wa nyavu. Akakaa upande mmoja, mama mkubwa upande wa pili, wakaunyanyua kwa vidole vya shahada. Biblia ikaning'inia, nyeusi, nzito, pembe zake zimeliwa na mende.

"Kama aliyechukua taa ni Kasiani, geuka," akasema baba mkubwa. Kasiani alikuwa mmoja wa vijana wake, kaenda kwao Kasulu. Biblia ikatulia. Akataja vijana wengine, mmoja mmoja. Ikatulia. Akamtaja jirani aliyegombana naye juu ya mpaka wa ua, na watu wakacheka kidogo. Ikatulia.

"Kama ni Mama Tabita, geuka."

Ikageuka. Niliiona kwa macho yangu, sikuambiwa. Ilizunguka polepole kama mtu anayeitwa jina lake kwa nyuma, kisha kichwa cha ufunguo kikateleza kwenye vidole, ikaanguka mavumbini.

Mama mkubwa alikuwa na wanawe watatu wakubwa na chumba chetu alikihitaji, hilo lilijulikana. Sisemi aliusukuma ufunguo. Nimeishi miaka ya kutosha kujua kwamba kidole hakingoji kutumwa, kinajua moyo unataka nini na kinatangulia. Labda yeye mwenyewe alishtuka kama sisi. Ninachokumbuka ni kwamba mama alianguka kwa magoti palepale, na watu wote wakakimbia kuokota. Waliokota Biblia. Wakaipangusa vumbi, wakaibusu. Mama akabaki chini.

"Oya," alisema, kwa Kirundi chake. "Hapana. Rudieni."

"Biblia hairudiwi," akajibu mama mkubwa. "Si mizani ya sokoni hiyo."

Mama hakubishana naye. Aliiangalia ile Biblia mikononi mwa baba mkubwa, akaiuliza yenyewe, taratibu, kama unavyomuuliza ndugu aliyekusingizia: "Mimi?"

Baba mkubwa akampa muda. Mwezi ukiisha, giza likirudi na mitumbwi ikirudi majini, taa iwe imepatikana. Isipopatikana, ahame.

Kibirizi ni mahali ambapo habari hukauka haraka kuliko samaki. Kesho yake wanawake waliokuwa wakianika pamoja na mama walizoa dagaa wao wakahamia upande wa pili. Wachuuzi kutoka Mwanga, mjini Kigoma, walimpita kana kwamba ameanika mchanga. Bi Zuhura peke yake alinunua, na alinunua kwa sauti kubwa ili wasikie. Shuleni waliniuliza kama nyumbani tunasoma kwa karabai.

Hayo yote mama aliyavumilia. Lakini asubuhi moja nilirudi kisimani nikamkuta ndani, amekisukuma kitanda chetu ukutani, anachimba sakafu ya udongo kwa jembe la palizi.

"Unatafuta nini, mama?"

"Taa."

"Si hukuichukua?"

Akachimba kidogo zaidi. "Biblia imesema nimechukua, mwana wanje," akasema, akiniita mwanawe kwa Kirundi. "Labda nilichukua nikasahau."

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne. Nimezika watu wengi tangu hapo, lakini sijaogopa tena kama nilivyoogopa asubuhi ile, kumwona mtu mzima anatafuta chini ya kitanda chake wizi ambao hakuufanya. Nilichuchumaa tukachimba pamoja. Hapakuwa na kitu, mizizi tu ya mti wa jirani.

Mwezi ukapungua, vijana wakaanza kurudi. Kasiani alishuka kutoka njia ya Mwanga akipiga mluzi, begani ana gunia. Mimi nilikuwa nafagia uani.

"Shikamoo mzee," akamwambia baba mkubwa. "Taa yako hii hapa. Fundi alinichelewesha, ati kioo cha saizi yake hakuna mjini."

Baba mkubwa akaitazama taa bila kuipokea. "Uliichukua lini?"

"Siku ile naondoka. Kioo kilikuwa na ufa. Nilikuja kukuaga ukawa umekwenda kanisani, nikakuta stoo imeachwa wazi, nikasema nitaipitisha kwa fundi pale Mwanga, niichukue nikirudi. Kwani kuna ubaya?"

Nilitupa fagio nikakimbia kumwambia mama. Akaosha uso. Akavaa kitenge chake cha kanisani tena, akakaa kitandani, akasubiri kuitwa.

Walikutana wazee wa kanisa wote, sebuleni kwa baba mkubwa. Ukuta kati yao na sisi ulikuwa wa matete yaliyokandikwa udongo nusu, kila neno lilipita. Mmoja akasema, jamani, huyu mama hakuiba, tumwite tumpe mkono. Kisha baba mkubwa akasema, bila hasira, kama mtu anayejumlisha hesabu:

"Kama hakuiba, basi Biblia imesema uongo."

"Biblia haisemi uongo," akajibu mwingine.

"Basi ameiba."

"Ameiba nini, mzee? Taa si ile pale."

"Kitu kingine. Sisi hatukijui. Yeye anakijua, na Mungu anakijua."

Nimesikia mabishano mengi maishani, ya mahakamani na ya ndoa, lakini hakuna yaliyokwisha upesi kama yale. Hawakuwa watu wabaya kuliko wengine. Walikuwa na mjane mgeni mkono mmoja, na Kitabu cha Mungu mkono wa pili, na walidhani lazima mmoja aangushwe. Hakuna aliyekumbuka kwamba Kitabu hakikusema neno, na kwamba waliosema ni wao. Walimwita mama, wakamtaka akiri alichoiba. Akasema hakuna. Wakamtenga na kanisa mpaka siku atakayokiri.

"Ungewapa hata sindano," Bi Zuhura alimwambia wakati tunafunga mikeka. "Sema uliiba sindano, ulie kidogo, waridhike."

"Nikiwapa sindano, watanitwika na taa," mama akajibu.

Bi Zuhura alitupa chumba nyuma ya nyumba yake, Ujiji, na tukakaa humo mpaka nikaolewa. Mama akauza migebuka ya kukaanga kando ya barabara. Kila Jumapili aliondoka na mimi kwa miguu hadi kanisani, mimi nikaingia, yeye akakaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani. Mvua ikinyesha alijitanda khanga. Wapo waliosema ni unyenyekevu. Mimi nilimjua: alikuwa anasikiliza kama kuna siku watasoma mahali panapomtaja.

Hawakusoma. Nilipokuwa mtu mzima nina watoto, nilinunua Biblia yangu mwenyewe sokoni Mwanga. Elimu yangu ni ya msingi tu, nasoma kwa kidole, lakini nilianza ukurasa wa kwanza. Sikuwa natafuta wokovu, niseme kweli. Nilikuwa natafuta mahali palipoandikwa kwamba Biblia hugeuka. Niliwapitia manabii na wafalme, wake zao na vita vyao, sikuona. Nilichokuta ni amri inayokataza kupiga ramli. Nikakuta, katika sheria za Musa, kwamba mtu asihukumiwe kwa shahidi mmoja. Neno lithibitike kwa vinywa vya wawili au watatu. Nikamkuta yule mzee Ayubu mwenye majipu, na rafiki zake waliokaa naye wakimshurutisha kwamba lazima kuna alichokosa, maana wasiposema hivyo itaonekana Mungu ndiye mwenye kosa. Nilifunga kitabu nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Hawa nawafahamu, nilisema. Walikuwa wanakaa Kibirizi.

Nikampelekea mama. Alikuwa amezeeka, anachambua mchele kwenye ungo. Nikamsomea ile sheria ya mashahidi, nikairudia.

"Hiyo imo humo?"

"Imo, mama."

"Waliiweka lini?"

"Ni ya zamani sana. Kabla ya Yesu. Imo hata katika ile ya baba mkubwa."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Nilimwona anairudia siku ile kichwani, anahesabu nani alikuwa amekaa wapi.

"Basi ilikuwapo pale," akasema mwishowe. "Siku ile. Ilikuwa ndani, imefungwa kamba."

Alichambua mchele wake mpaka ukaisha. Kisha akanituma kwa baba mkubwa na ombi moja tu: aisome sheria hiyo mbele ya wazee, halafu waseme wenyewe. Nilikwenda. Baba mkubwa alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema mambo ya zamani yaachwe kwa Mungu. Watu hupenda kumwachia Mungu kazi walizoziharibu wenyewe.

Mama alikufa kabla ya mvua za vuli. Mchungaji wa sasa, kijana mpole aliyesoma chuo, aliniambia hawezi kumwombea kaburini kwa sababu mama bado ametengwa. Aliyemtenga afute, ndipo yeye aingie. Aliyebaki hai kati ya waliomtenga alikuwa baba mkubwa peke yake. Alikuja mazishini na fimbo yake, wakamkalisha kiti cha mbele. Nilimwendea mbele ya watu, Biblia yangu ikiwa wazi.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, Tabita. Pole, mwanangu."

"Mchungaji anangoja neno lako."

"Biblia ilisema, Tabita. Mimi ni nani?"

"Ilisema ukurasa gani? Nionyeshe niusome."

Nikamwekea kitabu mapajani, kidole changu kwenye mstari. Alikuwa anajua kusoma, ndiye aliyetufundisha nyimbo. Nilimwona midomo yake inatembea na maneno mpaka mwisho, kisha ikarudi mwanzo ikatembea tena.

"Unataka nimfanye Mungu mwongo kaburini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nataka useme kwamba mliifunga."

Akakifunika kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. "Macho yangu siku hizi hayaoni," akasema.

Mchungaji akatazama viatu vyake. Basi nikasimama mwenyewe juu ya udongo uliochimbuliwa, nikaifungua, nikaanza kusoma ile sheria ya mashahidi. Mchungaji akanisogelea akaninong'oneza kwamba hilo si neno la mazishi. Nikamwambia najua. Ni neno la kesi, na huyu aliyelala hapa amesubiri kesi tangu nikiwa darasa la nne. Katikati kidole changu kikapoteza mstari. Kutoka kwenye mkeka wa wanawake wa Ujiji nikamsikia Bi Zuhura, kikongwe asiye na jino: "Soma, mwanangu. Tunasikia."

Nikasoma mpaka mwisho.

Wajukuu zangu huniuliza kwa nini, baada ya hayo, bado ni Mkristo, na kwa nini nagombana na kila mama anayekuja na Biblia iliyofungwa kwenye khanga kuiweka chini ya mto wa mtoto. Nawaambia kwamba sina ugomvi na kilichoandikwa. Kilichoandikwa kilikuwa upande wa mama tangu kabla hajazaliwa. Kilikosa mtu wa kukifungua. Lakini siwadanganyi kwamba kilimsaidia. Hukumu yake niliisoma akiwa hasikii, mbele ya watu ambao nusu yao, nilipoinua macho, walikuwa wamegeuza nyuso zao wanatazama ziwa.